Namna ya Kumtambua, Kumwandika na Kumwita Baroneti: Mwongozo kwa Waongoza Watalii na Wafasiri wa Bagamoyo

Katika mwendo wa saa mbili, kutoka Ngome Kongwe hadi makaburi ya misheni, mwongoza watalii wa hapa Bagamoyo huwa amekwisha kuwataja Burton, Speke, Livingstone, Stanley, Kirk na Frere, na mara nyingi huwapa wote cheo kimoja, kana kwamba kila Mwingereza mashuhuri aliyefika pwani hii katika karne ya 19 alikuwa “Sir” au “Lodi”. Haikuwa hivyo. Speke na Livingstone walifariki bila kupata cheo cha Sir. Kirk alikipata mwaka 1881, Burton mwaka 1886 na Stanley mwaka 1899, na vyeo vyao vilikwisha siku walipofariki. Kati ya hao sita, ni Frere peke yake aliyefikia daraja ya baroneti, ambayo ni cheo cha Sir kinachobaki katika ukoo na kumshukia mtoto baada ya baba.

Naandika mwongozo huu kwa ajili ya vijana wanaoongoza watalii, wanafunzi wa historia, na wafasiri wanaoletewa barua na nyaraka za kale, kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe. Miaka mingi iliyopita niliombwa kutafsiri maneno ya kipeperushi cha wageni, nami nikaandika “Lodi Frere” mahali pawili. Kipeperushi kilikuwa kimekwisha kuchapwa na kugawanywa pale mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, aliponiita kando chini ya mwembe, akaweka kidole juu ya neno lile na kuniambia kwa upole kwamba Sir Bartle Frere hakupata kuwa lodi hata siku moja. Tangu siku hiyo nimejizoeza kukitazama kila cheo kabla ya kukiandika. Kumwita baroneti lodi ni kumvika kilemba cha ukoka, na kumfanya Sir wa kawaida ni kumvua alichoachiwa na wazee wake. Kwa vyovyote vile, mtu aliyetajwa katika karatasi anakuwa si yule aliyeishi.

Mahali pake katika ngazi

Anza kwa kuichora ngazi kichwani mwako. Chini ya familia ya kifalme wako malodi wa daraja tano, ambao nitawaandika kwa sauti zetu: dyuki, markizi, erli, vaikaunti na baroni. Baroneti anakaa chini ya baroni, na majina hayo mawili ndiyo yanayowachanganya wengi, kwa sababu yanafanana sikioni ilhali maana zake ziko mbalimbali. Baroni ni lodi. Baroneti si lodi, na cheo chake hakikuwahi kumpa kiti katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la bunge la Uingereza. Chini ya baroneti wako manaiti walio wengi, yaani wale wenye cheo cha Sir cha maisha yao tu, isipokuwa manaiti wa zile nishani mbili za juu, Garter na Thistle, ambao humtangulia.

Mfano ulio karibu na zama zetu utakusaidia kulishika jambo hili. Mwaka 1990, Denis Thatcher, mume wa waziri mkuu Margaret Thatcher, alifanywa baroneti. Alipofariki mwaka 2003 cheo kikamshukia mwanawe Mark. Margaret mwenyewe alipewa ubaroni wa maisha mwaka 1992. Katika nyumba hiyo moja, basi, mke alikuwa na kiti katika Baraza la Malodi lakini cheo chake hakikuweza kurithiwa, na mume alikuwa na cheo cha kurithiwa lakini hakikumpa kiti. Mwanafunzi akiweza kuieleza tofauti hiyo kwa maneno yake mwenyewe, amekwisha kuielewa nusu ya somo.

Cheo kilichoanza kwa hesabu ya askari

Mgeni akikuuliza cheo hiki kilitoka wapi, usimjibu kwa haraka, maana hapa ndipo habari ilipo tamu. Tarehe 22 Mei 1611 Mfalme James wa Kwanza alianzisha daraja hii kwa sababu alihitaji fedha za kulinda walowezi aliokuwa akiwapeleka Ulster, kaskazini mwa Ireland. Aliyetaka cheo alipaswa kuwa mtu wa nasaba njema, ambaye babu yake mzaa baba alikuwa na nembo ya ukoo, na mwenye pato lisilopungua pauni 1,000 kwa mwaka. Idadi yao ilikusudiwa isizidi 200. Kila mmoja alitakiwa kulipia posho ya askari 30 kwa miaka 3, kila askari peni 8 kwa siku.

Ifanye hesabu hiyo polepole mbele ya wageni, hata kwa kijiti mchangani. Pauni ya zamani ilikuwa na peni 240. Askari 30 kwa peni 8 kila mmoja ni peni 240, yaani pauni moja kamili kwa siku. Miaka 3 ina siku 1,095. Ada ya ubaroneti, basi, ilikuwa pauni 1,095, na kila pauni ilikuwa siku moja ya kikosi cha watu 30 katika ardhi ya Ulster. Nimeona nyuso za wasikilizaji zikibadilika hesabu hii inapotimia, kwa kuwa cheo kinachosikika kama hadithi ya majumba ya kifalme kinageuka kuwa mishahara ya askari, tena kwa siku na kwa peni.

Msikilizaji wa hapa kwetu hahitaji maelezo marefu kuhusu kulipia heshima. Watu wa Mrima walijua kwamba ujumbe, yaani cheo cha jumbe, nao una ada na karamu zake, na kwamba mtu havai kilemba cha ujumbe kabla wazee hawajapata haki yao. Tofauti iliyopo ni kwamba ada ya Mfalme James ilikwenda katika hazina ya serikali kwa kazi ya vita na ulowezi, na waliolipa gharama hiyo kwa ardhi yao walikuwa Waayalandi waliohamishwa ili walowezi wakae. Jambo hilo la mwisho lisiachwe nje ya masimulizi, kwa kuwa sisi wa pwani hii tunajua kutawaliwa kulivyo.

Wa kwanza kupewa hati alikuwa Sir Nicholas Bacon wa Redgrave. Alama ya asili yao ingali inaonekana hadi leo: katika nembo ya baroneti huwekwa mkono mwekundu wa Ulster, na katika alama yao mkono huo ni wa kushoto, uliokatwa kwenye kifundo. Ukikuta mkono huo katika muhuri wa barua, katika kijiko cha fedha au katika jiwe la kaburi, ni dalili yenye nguvu kwamba mwenye kitu alikuwa baroneti. Wako ambao hawana mkono huo, nao ni mabaroneti wa Nova Scotia, daraja iliyoanzishwa mwaka 1625 kwa ajili ya koloni lililokuwa katika nchi ambayo leo ni Kanada. Hao walilipa merki 3,000, fedha ya zamani ya Uskoti, na alama yao ina msalaba wa Mtakatifu Andrea.

Neno “ubaroneti” lina maana mbili katika maandishi ya Kiingereza, nawe uzitenge katika tafsiri: moja ni cheo cha mtu mmoja, nyingine ni kundi zima la wenye cheo hicho. Kundi hilo nalo lina milango mitano kwa kufuata historia ya ufalme, yaani wa Uingereza ya awali, wa Ireland, wa Nova Scotia, wa Britania Kuu baada ya muungano wa mwaka 1707, na wa Ufalme wa Muungano tangu mwaka 1801. Mimi huandika “cheo cha baroneti” kwa maana ya kwanza na “jumuiya ya mabaroneti” kwa maana ya pili, na sijapata msomaji aliyechanganyikiwa.

Kumtambua katika karatasi

Tazama kwanza mwisho wa jina, si mwanzo wake. Neno “Sir” lililo mbele halitoshi, kwa kuwa naiti naye analo. Kinachomtambulisha baroneti ni herufi “Bt” au, katika nyaraka za zamani, “Bart”, zinazoandikwa baada ya jina la ukoo. Wafasiri wengi huziacha herufi hizo wakidhani ni pambo la kalamu, kumbe ndizo zinazobeba habari yenyewe. Katika Kiswahili andika neno zima, “Baroneti”, baada ya mkato: Sir Bartle Frere, Baroneti.

Kisha tazama tarehe ya waraka, na hapa naomba uangalifu wa pekee. Frere alifika Unguja mwanzoni mwa mwaka 1873 kuzungumza na Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, juu ya kukomesha biashara ya watumwa, na mkataba ukatiwa saini tarehe 5 Juni mwaka huo kwa mkono wa Kirk, Frere akiwa amekwisha kuondoka. Wakati huo Frere aliitwa Sir kwa sababu alikuwa naiti. Ubaroneti aliupata mwaka 1876. Kwa hiyo ukitafsiri barua ya mwaka 1873 ukamwandika “Baroneti”, umempa cheo miaka mitatu kabla ya kukipata, hata kama kitabu ulichokisoma kinamtaja hivyo. Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Unguja na aliyeweka saini hiyo, hakuwa Sir wa aina yoyote mwaka 1873. Katika mstari mmoja wa tafsiri, basi, mmoja anaandikwa “Sir Bartle Frere” bila “Baroneti”, na mwingine anaandikwa “Dakta John Kirk”, kwani alikuwa tabibu.

Jambo la tatu ni namba. Kwa kuwa cheo hurithiwa, na kwa kuwa koo hizi hupenda kumpa mjukuu jina la babu, utakuta watu wawili au watatu wenye jina moja na cheo kimoja. Sir Thomas Fowell Buxton, aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa bungeni, alifanywa baroneti mwaka 1840 na kufariki mwaka 1845. Mjukuu wake, naye Sir Thomas Fowell Buxton, ndiye aliyeshirikiana na mfanyabiashara William Mackinnon katika ile barabara iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1877. Mwanafunzi asiyetazama namba atamfufua babu ili aje kujenga barabara miaka 32 baada ya kuzikwa. Babu ni baroneti wa 1. Mjukuu ni baroneti wa 3, kwa kuwa kati yao alipita Sir Edward. Ukimtajia mtu wa Vuga, kule Usambara, jina la mtawala Kimweri, atakuuliza kwanza ni Kimweri yupi, na ndivyo inavyompasa mfasiri kuuliza kila akutanapo na Buxton.

Msaada mwingine katika kuwatenganisha ni jina la mahali linaloandikwa katika hati ya kila cheo. Cha Thatcher, kwa mfano, ni cha Scotney katika jimbo la Kent. Mahali hapo hapamaanishi kwamba mwenye cheo anapatawala, kwa hiyo usitafsiri kama unavyotafsiri habari za chifu na nchi yake.

Kwa wale wanaosoma magazeti ya kale ya Kenya, kesi ya mwaka 1941 ya kuuawa kwa Lodi Erroll ni zoezi zuri. Aliyeuawa alikuwa erli, hivyo kumwita lodi ni sahihi. Aliyeshtakiwa na kuachiwa huru, Sir Jock Delves Broughton, alikuwa baroneti wa 11, na hakuwa lodi. Waandishi wetu wamewaita wote wawili malodi mara nyingi mno.

Kumwita na kumwandikia

Hapa Mswahili ana bahati, kwa sababu kanuni ya Waingereza inalingana na adabu yetu. Sisi husema Sheikh Abdallah, Mwalimu Hamisi, Mwinyi Kombo: cheo hufuatwa na jina la mtu mwenyewe, si la babu yake. “Sir” hufuata njia hiyo hiyo. Ni Sir Bartle, wala si Sir Frere. Katika mazungumzo unasema “Sir Bartle” tu. Katika barua, juu ya bahasha andika jina kamili likifuatwa na “Bt”, ukiandika kwa Kiingereza, au “Baroneti” ukiandika kwa Kiswahili, na ndani uanze kwa “Mheshimiwa Sir Bartle”. Usiongeze “Bwana” mbele ya “Sir”, kwani itakuwa kama kusema Bwana Bwana.

Kwa mke kanuni inageuka, na hapo ndipo adabu yetu inapotuponza. Mke wa baroneti huitwa Lady pamoja na jina la ukoo la mume: Lady Frere. Ukisema “Lady Catherine”, umemfanya binti wa erli, au wa markizi, au wa dyuki. Bibi Catherine Frere alikuwa binti wa Sir George Arthur, ambaye naye alikuwa baroneti, lakini ubaroneti wa baba haukumpa binti cheo chochote. U-Lady wake ulitoka kwa mumewe. Kadhalika binti yao Mary hakuwa Lady Mary. Watoto wa baroneti, wa kiume kwa wa kike, huitwa kama watoto wa watu wengine wote, na mrithi mwenyewe hana cheo mpaka baba afariki. Hapo zamani mwana mkubwa aliweza kudai unaiti akitimiza miaka 21, lakini Mfalme George wa Nne aliiondoa haki hiyo katika hati mpya mwaka 1827.

Mjane hubaki Lady. Mrithi akiwa na mke, mjane hutofautishwa kwa kutanguliza jina lake mwenyewe, kama “Catherine, Lady Frere”. Utaona kwamba mkato mmoja unageuza maana yote. Wanawake wenye ubaroneti wao wenyewe ni wachache mno na huitwa Dame. Mary Bolles alipewa wake mwaka 1635, na baadhi ya vyeo vya Uskoti, kama cha Dunbar wa Hempriggs, vinaweza kurithiwa na mwanamke.

Kuhakikisha kabla ya kuchapa

Mtu akijitambulisha kwako kuwa ni baroneti, mpokee kwa heshima kama mgeni yeyote. Ukitaka kumwandika katika kitabu au bango, lakini, uhakikishe. Tangu mwaka 1910, kwa amri ya Mfalme Edward wa Saba, kuna Daftari Rasmi la mabaroneti, na mrithi ambaye hajathibitisha haki yake na kuandikwa humo hatambuliwi kwa cheo hicho katika nyaraka rasmi. Wenye cheo nao wana Baraza la Kudumu la Mabaroneti, lililotokana na jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1898 baada ya watu wengi kujipachika cheo wasichokuwa nacho. Uthibitisho huo ni wa vyeti: ndoa ya wazazi, kuzaliwa, kufariki kwa aliyetangulia. Mtoto wa nje ya ndoa harithi, na kwa kawaida cheo hupita kwa wanaume tu.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2016, majaji wa Baraza la Faragha la ufalme walipoamua shauri la cheo cha Pringle wa Stichill, kilichoanzishwa mwaka 1683. Vipimo vya DNA vilionyesha kwamba mlango wa mkubwa haukutokana na damu ya baroneti wa 8, na haki ikahamia kwa mlango wa mdogo.

Angalia pia kama cheo bado kipo. Mackinnon alifanywa baroneti mwaka 1889, mwaka mmoja baada ya kampuni yake ya Afrika Mashariki kupewa hati ya kifalme, akafariki mwaka 1893 bila mtoto, na cheo kikatoweka pamoja naye. Cha Frere kilimfuata mwanawe, kikatoweka mwaka 1933. Mgeni anayejiita leo baroneti wa ukoo wa Frere wa Wimbledon hawezi kuwa hivyo.

Mwisho, usiuvushe ubaroneti ukaupeleka kwa Wajerumani. Bagamoyo ilikuwa makao makuu yao hadi mwaka 1891, na katika nyaraka zao utakutana na neno “Freiherr” mbele ya jina la ukoo, kama kwa gavana von Soden na baadaye von Rechenberg. Hilo ni baroni wa Kijerumani. Baroneti ni cheo cha taji la Uingereza, na “von” peke yake ni alama ya ukabaila, si ngazi maalumu.

Kipeperushi chetu kilipochapwa upya, sentensi ya Frere niliiandika hivi, nawe unaweza kuitumia kama kielelezo: “Sir Bartle Frere (1815–1884), mjumbe wa serikali ya Uingereza kwa Sayyid Barghash mwaka 1873, ambaye baadaye, mwaka 1876, alifanywa Baroneti wa 1 wa Wimbledon.”